Kuchuja

Umeniuliza, Sikitu, kwa sauti uliyorekodi jikoni,
kisu kikigonga ubao wa vitunguu:
"Eti shoga, Lindi imechuja?"
Nimeisikiliza mara tatu, mkoba begani, kalamu sikioni.
Kazi yangu unaijua. Nasoma mita za maji.
Jibu la jumla sina. Ninazo namba.

Naanzia Mikumbi, saa moja, jua halijakomaa.
Lile ghorofa la pembeni, lenye 1934 juu ya roshani,
jina la mwenyewe limeliwa na chumvi,
mtini umeota ukutani kama mpangaji asiyelipa.
Mita: mia nne na kumi na mbili.
Mwezi jana: mia nne na kumi na mbili.
Mwaka juzi, ukitaka kujua, hiyohiyo.
Nyumba tatu zinazofuata, vivyo hivyo.
Pale tulipochungulia sinema kwa tundu la msumari
wameweka ghala la saruji.
Hapo sema imechuja, sikubishii.

Ila Mtuleni, kwa Esha Nampoto,
muuza barafu za ukwaju,
mita inakimbia kama kuku aliyeona kisu.
"Mnanibambikia!" ananifokea,
na nyuma yake friji mbili zinanguruma,
watoto wa shule foleni, sarafu zimelowa jasho.
Pazuri? Hapana. Bati, tope, nzi.
Uniti ishirini na nane.

Nikukumbushe kitu, maana picha hazioni kiu.
Hiyo Lindi unayoililia,
ya viatu vya kung'aa na gramafoni dirishani,
tuliamka saa tisa usiku kupanga ndoo kisimani.
Maji ya chumvi, sabuni ikagoma kutoa povu,
sare zetu nyeupe zikawa rangi ya chai.
Mama yako aliyachuja kwa kipande cha kanga.
Kilichobaki juu, mchanga, na kidudu kimoja kinachojinyonganyonga,
alikikung'uta mlangoni: "Haya, kunyweni."
Tukanywa. Tukaona mji mzuri.
Sijui kama ulikuwa mzuri
au sisi tulikuwa na miaka kumi na mitano.

Sisemi bomba ni bora kuliko sinema.
Na bomba lenyewe Jumanne halitoki.
Kuna kitu kimeondoka, nakijua kwa nyayo:
zamani mtu akishona nguo mpya
alikuwa na pa kwenda kuonwa.
Sasa anajipiga picha chumbani, anaituma Dar,
anaivua, anaikunja.
Mtwara ilituchukulia ofisi, Dar ikatuchukulia watoto,
lami ilipofika tukashangilia, kumbe ni ya kupitia.
Basi linasimama dakika kumi,
abiria ananunua korosho dirishani,
hageuki hata kutazama upande wa bahari.

Esha anasema kanga ikichuja ndipo inapolainika,
ndipo inapofaa kumfungia mtoto mchanga.
Vizuri. Lakini sitaki kukutumia methali.
Ikichuja zaidi ya hapo ni tambara la kudekia,
Esha mwenyewe analo, limelala kizingitini.

Nimemalizia Wailesi, kwenu.
Kufuli lina kutu, lile lile la siku ya matanga.
Tangu siku hiyo mita inasoma tisini na saba,
naiandika bila kuinama.
Leo nimeinama.
Mia moja.
Nimegonga kifuniko, nimefuta kioo kwa kidole.
Mia moja, Sikitu. Uniti tatu.
Bomba halivuji, nimelikagua.
Nikazunguka uani: ardhi imelowa,
bamia, mistari miwili, imenyooka kama madaftari,
na kopo la rangi lililotobolewa matundu.
Sikuita hodi.
Nimeandika namba, nimefunika.
Bili itatoka kwa jina la marehemu baba yako.
Ilipe kwa simu,
au panda basi, uje umuulize mwenyewe
huyo anayemwagilia.